Lipoma: namna ya kuutambua uvimbe wa mafuta chini ya ngozi na kuupa msimbo sahihi wa ICD

Kwenye faili nyingi za wagonjwa wa nje hukuta neno moja tu: "uvimbe". Ukibahatika, limeongezewa "mgongoni". Mtunza kumbukumbu anayeletewa faili ya namna hiyo hana pa kushika. Uvimbe waweza kuwa jipu, tezi iliyovimba, henia, kifuko cha ngozi, fundo la minyoo, saratani au lipoma, na kila kimoja kina msimbo wake katika kitabu cha ICD, yaani uainishaji wa kimataifa wa magonjwa (misimbo ya hapa ni ya toleo la kumi, ICD-10, isipotajwa vingine). Makosa mengi ya msimbo wa lipoma hayazaliwi mezani kwa karani. Yamezaliwa tayari chumbani kwa daktari, pale kidole kilipopapasa na kalamu isiandike kilichopapaswa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mwili wa mgonjwa kabla ya kufungua kitabu.

Lipoma ni nini hasa

Ni uvimbe wa seli za mafuta zilizokomaa, zilizokusanyika mahali pamoja na kuzungukwa na ganda jembamba kama utando wa kitunguu. Ukipasuliwa, ndani ni manjano, umegawanyika vipande vipande, unateleza mkononi. Hukaa kati ya ngozi na utando unaofunika msuli. Hukua polepole mno, kwa miezi na miaka, na nyingi hufika sentimita 2 au 3 zikatulia. Ikifika sentimita 10 upande wowote, au ikitolewa ikawa na uzito wa gramu 1,000 na zaidi, wapasuaji huiita lipoma jitu. Wengi wanaopata ni watu wa miaka 40 hadi 60, na sehemu inazopenda ni mgongo, mabega, shingo, mikono na mapaja.

Mgonjwa atauliza kama imeletwa na chipsi. Hapana. Mtu mwembamba huipata vilevile, na mafuta ya lipoma hayatumiki mwili unapokosa chakula. Anayekonda huiona lipoma yake imechomoza zaidi, kwa kuwa mafuta ya jirani yamepungua nayo imebaki palepale. Kuichua, kuikanda kwa maji ya moto au kuipaka dawa hakuiyeyushi. Kwa kawaida haigeuki saratani. Saratani ya mafuta, yaani liposakoma, huanza ikiwa saratani tangu mwanzo. Hatari iliyopo ni kuidhania liposakoma kuwa lipoma.

Kupapasa kwa utaratibu

Mgonjwa akae au alale mahali penye mwanga wa kutosha, nguo zote zilizofunika eneo hilo zitolewe. Tazama kwanza kabla ya kugusa: ngozi ya juu ina rangi ya kawaida au imewiva? Kuna kitundu cheusi katikati? Kuna kovu la kupasuliwa zamani?

Weka mgongo wa mkono wako juu ya uvimbe kupima joto, kisha vidole viwili pembeni na usukume taratibu. Lipoma huteleza chini ya kidole, ukingo wake ukikukwepa. Kuteleza huko ndiyo dalili yake kubwa. Bana ngozi ya juu: inabanika na kunyanyuka bila uvimbe kufuata, maana haujashikana na ngozi. Mwambie mgonjwa akaze msuli wa chini yake, asukume ukuta kama ni mkono au ainue kichwa kutoka kwenye mto kama ni tumbo. Uvimbe ulio juu ya msuli hubaki vilevile au huonekana zaidi. Ukififia au ukakwama, upo ndani ya msuli au chini yake, na hapo mambo yanabadilika.

Pima kwa rula au tepu, sentimita kwa sentimita, urefu na upana. "Kama embe" si kipimo. Embe dodo na embe bolibo haziko sawa, na ziara ijayo daktari mwingine hataweza kujua kama uvimbe umekua.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Lipoma ni laini kiasi kwamba ukiibonyeza hutikisika kama yenye maji ndani. Anayeharakisha huiita jipu, huichana, na anakutana na mafuta badala ya usaha. Jipu huwa na joto, uchungu na historia ya siku chache. Uvimbe uliokaa miaka miwili bila homa si jipu.

Vinavyofanana nayo, na misimbo yake

Kifuko cha ngozi, ambacho wengi bado hukiita sebasi sisti, kimeshikana na ngozi na mara nyingi kina kitundu juu. Kikiminywa hutoa uchafu mweupe wenye harufu. Msimbo wake ni L72.0, na kile cha kichwani kinachotoka kwenye shina la nywele ni L72.1. Jipu ni L02, tarakimu ya nne ikifuata mahali. Ganglioni, kifuko cha majimaji cha kifundo cha mkono, ni ngumu zaidi na ipo juu ya kiungo au kano: M67.4. Neurofibroma, yaani uvimbe wa neva, ikiwa moja ni D36.1, lakini zikiwa nyingi na ngozi ina mabaka ya rangi ya kahawa yenye maziwa, fikiria neurofibromatosi, Q85.0. Uvimbe mdogo wa mstari wa katikati kati ya kifua na kitovu, unaosukumwa nje mgonjwa akikohoa, ni henia mpaka ithibitishwe vingine, na henia hizo zipo kwenye K43.

Kwetu kuna vingine ambavyo vitabu vya Ulaya huvipitia haraka. Tezi za shingo zilizoshikana mafungu, kwa mtu anayekonda na kutoka jasho usiku, ziulizie kifua kikuu: A18.2. Mtu aliyekulia maeneo ya usubi, mathalani Mahenge mkoani Morogoro, akiwa na mafundo magumu juu ya mifupa ya nyonga, mbavu au kiunoni, anaweza kuwa amebeba minyoo ya usubi ndani ya mafundo hayo. Huo ni B73. Na katika maeneo yanayofuga nguruwe kwa kuwaachia huru, kama Mbulu na Nyanda za Juu Kusini, vinundu vingi vidogo vigumu chini ya ngozi vinaweza kuwa vifuko vya tegu wa nguruwe. Hivyo ni B69.8, na ukivikuta uliza mara moja kuhusu kifafa, kwa sababu huenda vipo na kwenye ubongo.

Nundu ya mafuta nyuma ya shingo inahitaji maneno yake. Si kila mafuta yaliyojikusanya ukosini ni lipoma. Mgonjwa aliyetumia steroidi muda mrefu, au aliyewahi kutumia baadhi ya dawa za zamani za kufubaza VVU, anaweza kuota nundu isiyo na ganda wala ukingo, huku miguu ikikonda. Huko ni kuhama kwa mafuta mwilini: daktari akiandika lipodistrofi, msimbo ni E88.1. Wanaoiandikia D17.0, msimbo wa lipoma ya shingo, humficha mgonjwa anayehitaji dawa zake ziangaliwe.

Lini usiseme "ni mafuta tu"

Uvimbe uliozidi sentimita 5, unaokua kwa kasi, unaouma, ulio ndani ya msuli, au uliorudi baada ya kutolewa: mojawapo ya haya inatosha kumpeleka mgonjwa mbele. Yakiwa mawili au matatu pamoja, usichelewe. Altrasaundi ndiyo hatua ya kwanza. Kwa uvimbe wa ndani, hasa wa paja, MRI (picha ya sumaku) huonyesha zaidi: lipoma hufanana kabisa na mafuta ya kawaida, ilhali kuta nene ndani yake, zinazozidi milimita 2, au sehemu zisizo mafuta huleta shaka ya liposakoma. Hapo kinachofuata ni kipande cha nyama kwenda maabara kabla ya upasuaji.

Mtoto mwenye uvimbe laini kwenye mstari wa katikati wa kiuno, juu ya makalio, asipelekwe chumba cha upasuaji mdogo hata kama uvimbe unaonekana wa kawaida kabisa. Mafuta hayo yanaweza kuwa yameungana na uti wa mgongo. Kukata bila picha ni kuhatarisha miguu na kibofu chake. Na uvimbe wa paji la uso, ingawa mdogo, mara nyingi upo chini ya msuli. Anayetarajia kuukuta chini tu ya ngozi huishia kuchimba huku damu ikimziba macho.

Kinachotakiwa kuandikwa

Mahali penye jina la kiungo, kina (chini ya ngozi au ndani ya msuli), idadi, ukubwa, upande wa kulia au kushoto, na kiwango cha uhakika. Maelezo yakitimia huwa mafupi tu:

"Uvimbe mmoja chini ya ngozi, mgongo wa juu kushoto, sm 4 kwa 3, laini, hauumi, unateleza, ngozi ya juu ni ya kawaida, hakuna kitundu. Umekaa miaka 3. Lipoma."

Karani akipata hayo anamaliza kazi yake kwa dakika moja: D17.1.

Kuitafuta kwenye ICD-10

Anzia Juzuu ya Tatu, yaani faharasa. Tafuta neno lenyewe, lipoma, usianzie kwenye jedwali la uvimbe wote. Chini yake kuna orodha ya sehemu za mwili. Chukua msimbo ulioonyeshwa, kisha rudi Juzuu ya Kwanza uusome pale ulipo pamoja na maelezo ya kilichomo na kilichotolewa. Wengi huishia kwenye faharasa, ndiyo maana hawaoni kwamba tarakimu ya nne imekwenda pengine.

Kundi zima ni D17, uvimbe wa mafuta usio saratani. Limegawanyika hivi:

D17.0 – ngozi na tabaka la chini yake, kichwa, uso na shingo
D17.1 – ngozi na tabaka la chini yake, kiwiliwili
D17.2 – ngozi na tabaka la chini yake, mikono na miguu
D17.3 – ngozi na tabaka la chini yake, sehemu nyingine au isiyotajwa
D17.4 – viungo vya ndani ya kifua
D17.5 – viungo vya ndani ya tumbo
D17.6 – kamba ya mbegu za kiume
D17.7 – sehemu nyingine, pamoja na peritoniamu (utando wa ndani ya tumbo) na nyuma yake
D17.9 – sehemu haikutajwa kabisa

Tofauti ya D17.3 na D17.9 huwachanganya watu. Daktari akiandika "lipoma chini ya ngozi" bila kusema wapi, ni D17.3: tabaka linajulikana, kiungo hakijulikani. Akiandika "lipoma" basi, ni D17.9. Misimbo hiyo miwili ikijaa kwenye ripoti ya mwezi, ujue wanaoandika faili hawataji mahali, usiilaumu kompyuta.

Mipaka ya mwili nayo ina ubishi. Ukosi, nyuma ya shingo, ni shingo: D17.0. Bega ni la mkono. Vikundi vingine vya ngozi kwenye ICD-10 vinasema wazi kwamba mkono ni pamoja na bega, na nyonga ni ya mguu, kwa hiyo tumia D17.2 kwa zote mbili. Bapa la bega, yaani fupa la mgongoni, ni kiwiliwili. Kwapa, kinena na makalio ni kiwiliwili pia, D17.1, ingawa mgonjwa mwenyewe angesema kwapa ni la mkono. Kwa hiyo "begani" peke yake haitoshi: kuna bega la juu ya mkono na kuna anayesema bega akimaanisha mgongo wa juu. Uliza.

Kwenye kinena kwa mwanamume, jihadhari. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ni D17.1. Yaliyomo ndani ya kamba ya mbegu, ambayo mara nyingi hugunduliwa mpasuaji akienda kurekebisha henia, ni D17.6. Ripoti ya upasuaji ndiyo itakayokwambia. Karatasi ya mapokezi itasema henia tu.

Shaka huandikwa vipi

Hapa mifumo miwili inatofautiana, na anayehama kutoka mmoja kwenda mwingine huchanganyikiwa. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani zilizo kwenye Juzuu ya Pili, kama mwishoni mwa matibabu daktari bado ameandika "inashukiwa lipoma" na hakuna taarifa nyingine, msimbo huwekwa kana kwamba imethibitishwa: D17. Kwa wagonjwa wa nje nchini Marekani ni kinyume. Neno "inashukiwa" au "huenda" haliruhusu D17. Huandikwa dalili yenyewe, yaani R22, uvimbe wa mahali pamoja.

Popote ulipo, R22 ndiyo kimbilio pale daktari alipoandika uvimbe bila kutaja hata shaka ya ugonjwa. R22.0 ni kichwa, R22.1 shingo, R22.2 kiwiliwili, R22.3 mkono, R22.4 mguu, R22.7 sehemu nyingi. Usipandishe R22 kuwa D17 kwa sababu tu "uvimbe mwingi wa mgongoni huwa lipoma". Hiyo ni kazi ya daktari, na kama ipo nafasi, rudisha faili kwake.

Majibu ya maabara yakirudi na jina tofauti, msimbo wa mwisho hufuata majibu. Liposakoma ya mkono au bega ni C49.1, ya mguu au nyonga C49.2, ya nyuma ya peritoniamu C48.0. Kama fomu ya madai ilishatumwa na D17, rekebisha rekodi ya hospitali hata kama dai limelipwa. Rejesta ya saratani inasoma rekodi hiyo, na mgonjwa ambaye msimbo wake haukubadilishwa hahesabiwi.

Msimbo wa mofolojia

Hospitali zenye maabara ya patholojia huongeza msimbo wa pili unaoeleza aina ya seli. Tarakimu nne za mwanzo ni aina, na baada ya mkwaju ni tabia: 0 si saratani, 1 haieleweki, 3 ni saratani. Lipoma ya kawaida ni 8850/0. Yenye nyuzi nyingi ni 8851/0. Ile ya ndani ya msuli ni 8856/0. Lipoma ya seli ndefu nyembamba, 8857/0, hupenda ukosi na mabega ya wanaume wa makamo. Anjiolipoma, 8861/0, ina mishipa mingi ya damu na ni miongoni mwa chache zinazouma. Hupatikana sana kwenye mikono ya vijana, mara nyingi zaidi ya moja. Haibenoma, 8880/0, imetokana na mafuta ya kahawia.

Tazama namba baada ya mkwaju mara mbili kabla ya kutuma. 8851/0 ni lipoma yenye nyuzi; 8851/3 ni liposakoma. Kidole kikikosea tarakimu moja umempa mtu saratani.

Msimbo huu pia unasaidia kueleza kina, maana D17.0 hadi D17.3 zinazungumzia ngozi na tabaka la chini yake tu. Lipoma ya ndani ya msuli ikiandikwa D17.2 peke yake, anayesoma baadaye atadhani ilikuwa ya juujuu.

Zikiwa nyingi

Lipoma mbili, moja shingoni na moja pajani, ni misimbo miwili: D17.0 na D17.2. Lipoma tatu za mkono mmoja ni msimbo mmoja, D17.2, na idadi hubaki kwenye maelezo.

E88.2 ni lipomatosi, hali ya mwili kuzalisha mafuta ya namna hiyo kila mahali, pamoja na ile yenye maumivu iitwayo ugonjwa wa Dercum. Isitumike kwa kuwa umehesabu uvimbe kumi. Daktari lazima aandike lipomatosi. Kuna familia ambazo baba, mwana na mjukuu wote wana lipoma kadhaa mikononi na tumboni, na hilo nalo litajwe kwenye historia. Mafuta yanayozunguka shingo na mabega kwa ulinganifu, kulia kama kushoto, kwa mtu anayekunywa pombe sana, huitwa Launois-Bensaude au Madelung. Hayo ni E88.8.

Ikitolewa

Lipoma isiyosumbua haihitaji kutolewa. Sababu zinazokubalika ni maumivu, kusuguliwa na mkanda au kamba ya sidiria, kukua, au shaka. Ziandikwe wazi, kwa kuwa dai lisilo na sababu husomeka kama urembo, na bima nyingi hazilipii urembo.

Ndogo hutolewa kwa ganzi ya mahali. Lignokeini bila adrenalini kwa kiwango salama kinachofuatwa sana ni mg 3 kwa kila kilo ya mgonjwa, isizidi mg 200. Mtu wa kilo 60 ni mg 180, yaani mililita 9 za dawa ya asilimia 2, au 18 za asilimia 1. Uvimbe mkubwa humaliza kiasi hicho kabla ukingo wote haujafa ganzi. Hiyo yenyewe ni alama kwamba unastahili chumba kikubwa. Mkato ufuate mikunjo ya ngozi, lipoma itenganishwe na jirani zake na itoke na ganda lake lote. Kipande kikibaki ndicho hurudi. Uwazi unaobaki ukiachwa bila kushonwa kwa ndani hujaa damu au majimaji, na mgonjwa hurudi wiki ijayo akisema "imeota tena".

Kilichotolewa kipelekwe maabara ndani ya formalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe mara kumi ya nyama. Kopo dogo lililojaa nyama na tone la dawa huozesha katikati. Lebo ikae kwenye kopo, isiwe kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Ziara zinazofuata zina misimbo yake. Kubadili bandeji au kutoa nyuzi ni Z48.0. Anayeandika D17 kila mgonjwa anaporudi kusafishwa kidonda anaongeza wagonjwa wa lipoma kwenye takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, bila mgonjwa mpya hata mmoja. Damu kujikusanya kwenye kidonda ni T81.0, kidonda kuoza T81.4, majimaji kujaa T81.8. Lipoma iliyorudi palepale ni D17 ileile, hakuna msimbo wa "kurudi". Maelezo ndiyo yaseme.

ICD-11 na toleo la Marekani

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, imetatua ugomvi wa kina. Lipoma ya chini ya ngozi ni 2E80.00, ya viungo vya ndani ni 2E80.01, ya chini ya utando wa msuli ni 2E80.02. Mahali na upande huungwa kwa alama ya &; kushoto ni XK8G, kulia XK9K. Kwa hiyo lipoma ya juujuu upande wa kushoto huanza 2E80.00&XK8G, kisha huongezwa msimbo wa kiungo. Anayehama kutoka ICD-10 asitafute namba inayolingana moja kwa moja na D17.1: mpangilio mpya unauliza kina kwanza, mahali baadaye.

Waswahili wanaofanya kazi ya bili za hospitali Marekani watakutana na ICD-10-CM, inayogawa D17.2 kwa upande: D17.21 mkono wa kulia, D17.22 wa kushoto, D17.23 mguu wa kulia, D17.24 wa kushoto. D17.20 ni kiungo kisichotajwa, na msimbo wa namna hiyo huvuta maswali. Huko upasuaji nao una msimbo wa CPT, orodha ya Marekani ya misimbo ya huduma za kitabibu, unaofuata mahali, kina na ukubwa. Lipoma ya mgongoni chini ya ngozi ni 21930 ikiwa chini ya sm 3, na 21931 ikifika sm 3. Ya chini ya utando wa msuli ni 21932 chini ya sm 5 na 21933 kuanzia 5. Kipimo ni kipenyo kikubwa pamoja na ukingo mwembamba uliohitajika kukatwa, na kipimwe kabla ya kukata, kwa kuwa nyama ikishatoka na kulala ndani ya formalini husinyaa, na ripoti ya maabara itasoma sm 2.7 kwa kitu kilichokuwa 3.2 mwilini. Misimbo ya 11400 ni ya vidonda vya ngozi yenyewe. Lipoma haimo humo. Na kushona kwa kawaida kumeshahesabiwa ndani ya bei ya kutoa, hakudaiwi mara ya pili.